Mama Odette Hayumo

Jumanne, Glenwood

Särkullbarn. Siku nzima neno moja la hati ya mirathi ya Kiswidi ninayoitafsiri, na kichwa kinaniuma. Kwa Waswidi ni mtoto wa marehemu ambaye mjane si mama yake. Kiingereza hakina neno hilo, nikaishia kuandika maelezo marefu. Mtoto wa namna hiyo hangoji mama wa kambo afe. Fungu lake analidai sasa hivi.

Nilidhani Mama Odette, aliyeniletea hati hiyo ya marehemu mumewe, atafurahi. Alipita jioni akitoka saluni kwake, nikamsomea: binti yake Grâce anarithi, na wakili wa hapa Durban ataielewa tafsiri.

"Bien," akasema. "Na mimi niko wapi?"

Hayumo. Mumewe alitangulia Sweden, akaoa huko. Ndoa yao ya Uvira ilikuwa ya mahari na pasta tu, na serikali ya kule haikuambiwa kitu.

"Tia jina yangu pale, dada. Mstari moja tu. Nani atajua?"

Eish. Nikamwambia mtafsiri haongezi kitu. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeolewa na mumewe. Kisha akakaza kitambaa cheusi kichwani, kile anachokivaa tangu habari za msiba zifike, akaondoka bila kuaga.

Nimechoka. Nimeipitia tafsiri tena, na haina kosa: mjane ni mmoja, na si huyu anayevaa nyeusi.

Mstari mmoja tu, ni kweli. Nimezima kompyuta, nisije nikauandika.