Glavu Zilikuwa Mfukoni Mwangu

Dada Anansia,

Shikamoo. Barua hii nimeikunja ndani ya ile ndefu ya Baba na Mama. Ile najua utawasomea wote kwa sauti jikoni, Bibi akikukatiza kila mstari. Hii usiisome kwa sauti. Nenda nayo migombani, uisome peke yako.

Mama Aikaeli aliugua kipindupindu kwa sababu yangu. Sijamwambia mtu yeyote. Hata Mungu nimemwambia nusu.

Sasa nikusalimie vizuri. Wewe na mtoto mnaendeleaje? Kifua cha Bibi kimetulia? Na huko Mwika ugonjwa umefika, au bado mnausikia redioni tu? Mimi mwili ni mzima. Kingine chote si kizima.

Nilipomaliza kidato cha nne nikapata kazi huku Machame, ulisema nisilie, ni mlima ule ule. Lakini huku Mawenzi siioni, imejificha nyuma ya Kibo, na Kichagga chao kinanishinda. Nikijaribu wanacheka, tunaishia kwenye Kiswahili. Aliyenipokea bila kunicheka ni Mama Aikaeli. Ndiye mhudumu wa siku nyingi hapa kituoni, anawaosha wazee na walemavu tangu mimi sijaanza shule. Siku ya kwanza alinifundisha hivi: "Mzee hainuliwi kama debe la maji. Mwambie kwanza unamshika wapi, ndipo umshike." Wiki hiyo hiyo nikamvunjia chungu chake cha kupikia mtori wa ndizi, alichoachiwa na mama yake. Alinuna siku mbili, ya tatu akanipakulia mtori kutoka kwenye sufuria, akasema, "Kula, mvunja vyungu."

Ugonjwa ulianzia tambarare, ukapanda. Soko la Kwa Sadala likafungwa, pombe ya mbege ikakatazwa kuuzwa, kwenye misiba watu wakaacha kupeana mikono. Tulikuwa wahudumu watatu. Mmoja mume wake alikuja kumchukua, akasema hakuoa ili azike. Tukabaki wawili. Lango likafungwa, hakuna mgeni kuingia.

Sitasema tuliachwa. Kanisani mchungaji aliwaambia watu wasiwaombee wazee peke yao, wawaombee na wanaowaosha, tena wakitoka kwenye maombi wabebe kuni. Basi wanawake wakawa wanaacha langoni kuni, sabuni, ndizi, na maziwa yaliyochemshwa. Wengine walichukua mashuka yetu yaliyokwisha kulowekwa kwenye maji ya dawa, wakayafua mtoni kwao, ili sisi tupate kulala kidogo mchana. Bwana afya alileta klorini na glavu chache. Glavu zikachanika moja moja, ikabaki jozi moja. Mama Aikaeli akanipa mimi.

"Kaa nazo wewe. Mimi nitazisahau mahali. Nikikuita, uje na ndoo ya dawa na glavu. Umesikia? Usije na maswali."

Nikaziweka mfukoni mwa aproni.

Siku ya tatu yake, asubuhi, Babu Elia akaanza kuharisha. Huyu ni mzee kipofu, ndiye mwenye mzaha kuliko wote. Mimi alinichagulia jina la Sauti ya Mwika, kwa kuwa eti nazungumza kama redio iliyoishiwa betri. Nilikuwa nakuja na ndoo Mama Aikaeli aliponiita. Nikafika mlangoni. Dada, nikaona. Sitakuandikia nilichoona. Miguu yangu ikarudi nyuma yenyewe. Nikaiweka ndoo chini pale pale kizingitini, nikapita nyuma ya zizi, nikachukua mundu kama mtu anayekwenda kukata majani ya ng'ombe, nikaenda kukaa chini ya migomba.

Aliniita mara nne. "Ndeshi!" Nilihesabu. Mara ya nne hakuita kwa hasira, aliita kama mtu anayeuliza. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika glavu.

Niliporudi na mzigo wa majani alikuwa amemaliza. Babu Elia amelazwa kwenye shuka safi, anapewa maji ya chumvi na sukari. Mama Aikaeli alikuwa ananawa, mikono mitupu. Akaniangalia.

"Ulikuwa wapi?"

"Majani, Mama. Ng'ombe walikuwa hawana kitu."

"Haya," akasema. "Nao wana njaa zao."

Basi. Nilitamani angenipiga.

Babu Elia alipona. Baada ya siku mbili akaanguka Mama Aikaeli, kwa ugonjwa ule ule. Walikuja kumchukua kwa machela, wakampeleka kambi ya wagonjwa, iliyokuwa kwenye madarasa ya shule ya msingi. Macho yalikuwa yameingia ndani. Alichoniambia akipita ni, "Babu Elia umgeuze, atapata vidonda."

Nikabaki peke yangu na wazee mpaka wilaya ilipomleta mama mmoja wa kunisaidia. Nilifanya kila kitu, Dada, vile nilivyovikimbia, na vingine zaidi. Siku moja wanawake wa kanisa wakasimama nje ya lango, mmoja akasema kwa sauti, "Mae! Katoto haka ka Mwika hakakukimbia!" Wakaimba, wakanirushia khanga mpya juu ya lango. Nimeikunja. Sijaivaa.

Siku hiyo nilipokuwa namlisha Babu Elia, akafunga mdomo, akakataa kijiko.

"Sauti ya Mwika."

"Naam, Babu."

"Asubuhi ile nilisikia ndoo ikiwekwa mlangoni. Sikusikia glavu."

Kijiko kikapinduka, mtori ukamwagikia kifuani kwake.

"Sasa unanichoma," akasema. "Kule mpakani mwa kihamba, migomba inapoishia, kuna masale. Hayauzwi."

Akafungua mdomo, akala. Hajalitaja tena mpaka leo.

Nilikata sale, lile jani la kuombea msamaha, nikalipeleka kambini mwenyewe. Unakumbuka Baba Mdogo alipomjia Baba kwa ule ugomvi wa mpaka? Alileta sale, akasimama uani mbele ya wazee, akataja kosa lake lote kwa kinywa chake, na Baba aliyekuwa ameapa kutosamehe akalipokea, kwa kuwa sale halikataliwi. Mimi nililikumbuka jani, kinywa nikakisahau. Nesi aliyekuwa langoni alicheka.

"Wenzako wanaleta sukari, wewe unaleta jani?"

"Naomba umpe Mama Aikaeli. Mwambie ni Ndeshi."

"Na la kumwambia?"

Nikasema hakuna.

Akaenda, akarudi. "Amesema amepokea. Amesema rudi kazini."

Nilitembea kurudi nikiwa mwepesi kama niliyeungama. Nikafikiri limekwisha.

Mama Aikaeli amerudi wiki iliyopita. Amekonda, anakaa chini kila baada ya kazi moja. Sale lile alikuja nalo likiwa kavu, akalitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake. Jioni tulipokuwa tunamenya ndizi nikamwona analitazama, anatabasamu.

"We mtoto," akaniambia, "mimi nakufa kule, wewe unawaza chungu! Chungu nilikusamehe siku ile ile."

Njia ilikuwa wazi mbele yangu, Dada. Nilipaswa kusema, "Si chungu, Mama." Maneno matatu tu.

Nikasema, "Asante, Mama."

Sasa sina msamaha, nina wizi. Nimepewa kitu cha kosa moja, nikakifunikia lingine. Kila nikiingia chumbani kwake naliona lile jani. Yeye ananisifu kwa watu, anasema angekuwa na binti angekuwa kama mimi. Mikono yake bado inatetemeka akishika kikombe, nami ndiye ninayekishikilia, na anasema asante.

Nimekata sale jingine leo asubuhi. Liko kwenye kopo la maji chini ya kitanda changu lisinyauke. Jumapili, wazee wakiwa wametolewa juani, nitampelekea, na safari hii nitaanza kwa kinywa. Nitaanzia kwenye ndoo. Naogopa atarudia ile "Haya" yake. Naogopa zaidi kwamba hatairudia.

Salamu za wote ziko kwenye barua kubwa. Hapa nabakiza mbili tu: mbusu mwanao kwa ajili yangu, yule mpwa wangu asiyenijua, na Bibi mpe mkono bila kumwambia unatoka kwa nani, kwa maana atauliza kwa nini, na wewe hujui kudanganya. Mimi nimejua.

Dada, nakuomba mambo haya yabaki kwako. Usimwambie Mama, wala mumeo, wala mtu wa kanisani. Watu wa Mwika wana ndugu Machame, na habari hushuka mlima huu na kuupanda tena haraka kuliko basi. Sikuombi unifichie aibu. Nakuomba usinitangulie. Neno hili Mama Aikaeli alisikie kwangu kwanza.

Mdogo wako,
Ndeshi