Mshono wa Hajarah na Mawe Saba

Mpendwa Bi Edah,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana moyo unaruka kwa raha na hofu pamoja. Mimi ni mshona magunia sokoni Busia, upande wa Kenya, na mwezi uliopita polisi walimkamata Muzafaru wa Tororo, yule tapeli aliyeuza gari moja kwa watu watatu, lakini badala ya kumfunga wakamfanya mtu wao wa kunasa matapeli wa kahawa, basi juzi soko zima tumemzunguka, Inspekta Osborn ameshika kisu, Muzafaru akapigapiga gunia akasema, "Afande, juu debe moja kahawa, chini maganda tupu, katikati mawe saba," likapasuliwa, tukahesabu kwa sauti, moja mpaka saba, Bi Edah, tukashangilia kama goli limeingia! Magunia matatu mengine ya mshono huohuo yakapelekwa kituoni bila kupasuliwa. Kisha Muzafaru akautazama mshono, akanitazama mimi, akasema, "Fundi wa hii najua. Ngoja Jumamosi nataja."

Mshono ni wangu, nashona kwa mkono wa kushoto. Wapagazi nisiowajua waliniletea magunia hayo, nikasikia mawe yakigongana, nikashona. Jana Muzafaru akaja kibandani: "Hajarah, kubali ndoa, mimi nataja Athieno badala yako." Athieno ni jirani yangu wa kibanda, hana kosa, ananyonyesha. Kuvuka mpaka kwa shangazi Lumino, Uganda, siwezi, wanajeshi wa kule wakikushuku magendo hawaulizi mara mbili. Nami sifichi, nampenda, anachekesha. Nimkubali?

Hajarah, Busia

*(Hajarah alipelekewa jibu hili mkononi kabla ya Jumamosi. Majina nimeyabadili.)*

Hajarah,

Anachekesha, kweli. Nilicheka hadi nikafika kwenye mawe. Mzoefu akipiga gunia atajua lina maganda. Idadi ya mawe haisikiki. Anayejua ni saba ndiye aliyeyatia, apate la kunasa mbele ya polisi. Wale wapagazi ni wake, na mshono wako anaujua kwa sababu yeye ndiye mteja wako.

Nawe usijitetee. Ulisikia, ukavuta uzi. Pole kwa mapenzi, lakini anayekuposa kwa kifungo cha Athieno, siku akikuchoka atakutaja wewe.

Kesho asubuhi mchukue Athieno mwende kituoni, mweleze yote njiani, akikutukana nyamaza. Beba sindano, ushone mbele ya Inspekta, useme, "Ni mimi." Kisha umwombe yale magunia matatu yasipasuliwe mpaka Muzafaru aseme kila moja lina mawe mangapi, watu wakiwepo. Hatakataa, tapeli akipigiwa makofi hanyamazi.

Akipatia la tatu, posa yako itakuwa imejijibu.