Mawe Kumi na Moja

Tarehe 9, mwezi wa sita.
Leo ni mwaka mmoja na miezi mitano tangu niondoke nyumbani.

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Mgongo wako umepoa, au bado unakuamsha? Watoto wanasomaje? Yule wa mwisho bado anaamini mimi na baba yake tunalala ndani ya lori? Mwambie tuna chumba cha mabati, tumo sita, na mmoja anakoroma kama mashine ya kusaga kokoto. Mimi mwili ni mzima. Mikono imepasuka kwa chokaa, lakini huo si ugonjwa, hiyo ndiyo kazi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu, na sababu unaijua. Kwenye simu wewe humwachi mtu amalize. Unauliza, unajibu mwenyewe, unalia, salio linaisha. Juzi Jumapili uliniuliza swali moja mara tatu: mume wako alikuwa amekunywa siku ile, ndiyo au hapana? Ukasema mimi ndiye macho yako huku, na kwamba kama alikunywa baada ya kuapa mbele ya mama, basi asirudi kwako, wala kwa mguu mmoja wala kwa miwili. Nikakujibu kwamba mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri, dada. Nisamehe.

Jibu ni hapana. Hakunywa. Lakini nakujua, utauliza imekuwaje basi dereva mwenye miaka ishirini kazini akaacha barabara anayoipita kila siku. Hilo ndilo lililonikalisha na kalamu. Soma mpaka mwisho kabla ya kumwambia mtu yeyote, hata mama.

Kazi yangu unaijua kwa juujuu tu. Shemeji ndiye aliyeniombea nafasi hapa machimboni, na kwa kuwa sina cheti chochote, nilipewa barabara. Nafukia mashimo, nazibua mitaro, na kila wiki napaka chokaa mawe ya ukingoni. Barabara ya kupanda kwenye mwamba inapita kando ya shimo la zamani, pale walipochimba mpaka mawe yakaisha. Ukingo mzima umepangwa mawe, kila moja ukubwa wa debe, ili dereva ajue mwisho wa ardhi ni wapi. Ndiyo maana hapa wananiita Chokaa.

Mwezi wa nne kampuni ilileta mpiga picha wa mandhari kutengeneza kalenda. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha jeshi. Meneja akanitoa mimi nimbebee ile stendi ya miguu mitatu. Nikadhani nimepata likizo. Thubutu! Yule mama alinitembeza siku nne, na kila akisimama ananiuliza naona nini. Nikimwambia naona mlima, ananiambia mlima hata kipofu ameambiwa upo. Jicho langu limefikaje kwenye mlima, limepita wapi?

Alisema jicho la mtu ni kama mbuzi, ukiliacha bila kamba linatafuna huku na huku wala halishibi. Kazi ya mpiga picha ni kulitafutia mstari wa kuliongoza. Mstari unaweza kuwa barabara, ua, mtaro, mkanda wa mashine, hata kivuli cha jioni. Akanipigisha magoti vumbini. Nikamwambia mara ya mwisho kupigishwa magoti ilikuwa darasa la sita, kwa mwalimu wa hesabu, na kesho yake sikurudi shule. Akacheka mpaka akakohoa, akasema na hii ni hesabu vilevile, ila safari hii nisikimbie. Akanionyesha kwamba ukiwa chini, kitu cha karibu kinakuwa kikubwa na cha mbali kinakuwa kidogo, na hapo ndipo mstari unapata nguvu. Uanzie kwenye kona ya picha, jicho lipate mlango. Mstari ulionyooka hulikimbiza jicho, uliopinda hulitembeza, lakini wowote ule lazima ufike mahali: mti, nyumba, mtu. Usipofika mahali, jicho linadondoka nje ya picha. Na mstari ukikugomea, alisema, hamisha miguu yako, usihamishe dunia.

Dada, mwaka mzima nilikuwa naona vumbi na saa ya kula tu. Baada ya siku nne zile nikawa naona mistari kila mahali. Hata kamba ya kuanikia nguo iliniongoza vizuri kabisa, mpaka chooni. Wenzangu wakasema Chokaa ameanza kuchanganyikiwa na jua.

Alipoondoka aliniachia kamera yake ndogo ya zamani, akasema atapita tena mwisho wa mwezi wa tano, na nikiwa na picha moja ya maana ataiingiza kwenye kalenda. Nilitaka sana. Nilitaka uipigilie msumari ukutani, uwaambie majirani hii kaipiga mdogo wangu, yule mliyesema hatajua chochote zaidi ya sepetu. Na picha niliipata. Niliipiga Jumapili jioni, tarehe 17 ya mwezi wa tano, kwenye ile kona ya shimo la zamani, jua likiwa limelala ubavu na hewa imeoshwa na mvua.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, ukinyoosha mkono huoni vidole. Shemeji ndiye anayepandisha lori la kwanza siku zote. Alikunywa chai akiwa amesimama, akanipiga teke la utani miguuni, akaniambia amka wewe mvivu, mawe yako hayajipaki yenyewe. Alikuwa ananukia sabuni na chai. Hayo nayaapia. Mimi nikajifunika uso. Halafu nikasikia lori linabadilisha gia kwenye kilima, na kuna jambo nikalikumbuka, nikatoka mbio na kiatu kimoja, napiga kelele. Jambo lenyewe nitalisema. Lori likanguruma, likanyamaza kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha ukaja mlio ambao sijui kuuandika. Nausikia hata sasa ninapoandika. Mtu akidondosha sahani, mimi nakaa chini.

Halikufika chini kabisa. Lilikamatwa na ngazi ya kwanza ya mwamba iliyoachwa kwenye ukuta wa shimo, kama kimo cha nyumba mbili kwenda chini, likalala ubavu. Watu wote walishuka na jeki na vyuma, ikawachukua saa mbili kumtoa. Alikuwa na fahamu zake, na alikuwa akisema neno moja tu. Nimefuata mawe, jamani. Nimefuata mawe. Ukungu ulikuwa unaanza kufunguka, watu wakainua macho juu, na mawe yalikuwa pale kwenye kona, meupe, yamekata kulia pamoja na barabara kama siku zote. Mmoja akasema maskini, kichwa kimegonga. Mguu najua amekueleza mwenyewe. Waliukata siku ileile.

Mkaguzi alikuja Jumatano na futi yake. Akapima kona, akahesabu mawe, akaandika kwamba alama za barabara zilikuwa kamili na dereva ama alisinzia au alikuwa amelewa. Neno la kulewa likapata miguu, kwa sababu wapo wanaomkumbuka enzi zake. Ijumaa hii wanakaa kikao cha kumfutia leseni. Hiyo ndiyo habari uliyoisikia, na ndiyo iliyokukalisha na hasira.

Wiki ya kwanza hospitalini alishikilia neno lake, hata kwa manesi. Wiki ya pili nilipokwenda kumwona, alinishika mkono akaniuliza taratibu: wewe ndiye unayeyapaka mawe yale, je, yamewahi kuwa mahali pengine? Nikamwambia mawe hayatembei, shemeji. Akauachia mkono wangu. Kisha akasema basi nililala. Akasema anaanza hata kuukumbuka usingizi wenyewe, jinsi ulivyomjia. Akaniomba nikuandikie kwamba alisinzia, na kwamba anaomba radhi kwako na kwa watoto. Nikamwambia nitakuandikia, nikatoka nje.

Mpiga picha alirudi kama alivyoahidi. Nilikuwa na siku kumi na mbili za kuifuta ile picha, na kila nikiiwasha kamera nashindwa. Nitakwambia ukweli ulivyo: nilishindwa kwa sababu ilikuwa nzuri. Alipoiona alipiga vigelegele. Akanitengenezea nakala mbili ndogo, na moja kubwa akampa meneja, ambaye aliitundika ofisini. Kila anayeingia anaguna. Chokaa, kumbe una jicho! Wanaunyooshea kidole mlima. Mkaguzi aliporudi kumalizia ripoti yake, alikunywa chai chini ya picha ile, akausifu mlima, akaweka sahihi.

Dada, shikilia kitu.

Siku ile ya Jumapili mstari ulinigomea. Mlima uko mbele moja kwa moja, ng'ambo ya shimo, lakini mawe yanakata kulia pamoja na barabara na kulipeleka jicho kwenye tangi la maji na malundo ya kokoto. Nilihamisha miguu kama nilivyofundishwa. Nilikwenda kushoto, nikaenda kulia, nikalala kifudifudi. Ili mawe yauelekee mlima ilibidi nisimame hewani, juu ya shimo. Basi nikahamisha dunia. Niliyaviringisha mawe ya ile kona, moja baada ya jingine, kumi na moja, nikayapanga yanyooke hadi kwenye mdomo wa shimo. Nikarudi nyuma nikapiga magoti, na ukipiga magoti pale shimo halionekani kabisa. Jiwe la mwisho linakuwa kama limeugusa mlima. Nilipiga picha tatu. Mvua ikaanza tena, nikakimbilia chumbani, nikajiambia nitayarudisha alfajiri, kabla ya lori la kwanza. Sikuugua, sikuzuiwa na mtu. Nililala tu. Aliyelala ni mimi, dada.

Na hilo silo baya kuliko yote. Nilipofika kwenye kona wakati ule wa ukungu, taa za lori zilikuwa zinawaka huko chini na nilisikia sauti yake. Wenzangu wakanipita wakishuka. Mimi sikushuka. Nilibaki juu nikayarudisha mawe. Yote kumi na moja, huku namsikia analia. Sijui ni mtu gani aliyefanya vile, lakini mikono ilikuwa yangu. Nilipomaliza ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa mimi ndiye Chokaa.

Jana nilikwenda hospitalini na nakala moja. Niliiweka juu ya shuka nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, nikiwa nimesimama karibu na mlango. Alidhani nimemletea mlima wa kumfariji. Nikamwambia asitazame mlima, atazame mawe. Kidole chake kikayafuata, kikafika la mwisho, kikakaa pale. Akaniuliza ni mangapi. Nikamwambia. Akasema, kwa hiyo sikulala. Akalirudia neno hilo mara nyingi, kwa hiyo sikulala, akacheka hadi nesi akaja, na kicheko kikageuka kilio. Aliponyamaza aliniambia nitoke, na kwamba nisimwite tena shemeji mpaka atakaponipa ruhusa. Nimefika mlangoni akaniita kwa jina langu la nyumbani, akasema nikuandikie.

Leo asubuhi nilikwenda kwa meneja. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Kisha akasimama, akaishusha picha ukutani, akaifungia kabatini, akaniambia ripoti imeshasainiwa, na kama mawe yalihama basi kampuni ndiyo itakayoulizwa kwa nini mlinda barabara ni mmoja na mkaguzi wa asubuhi hayupo. Akasema dereva hana mguu wa kuendeshea hata hivyo, leseni ataifanyia nini? Niende nikapake chokaa. Nikaenda.

Lakini Ijumaa nitaingia kwenye kile kikao, wanifukuze au wanifunge. Nakala moja anayo mumeo chini ya mto. Ya pili ndiyo hii iliyomo ndani ya bahasha, nimekutumia wewe ili nisiweze kurudi nyuma hata nikiogopa, na mimi naogopa sana. Tarehe imejiandika yenyewe pembeni. Usiutazame mlima, utakudanganya kama ulivyowadanganya wote. Anzia kona ya chini, kushoto, kwenye lile jiwe kubwa, na uhesabu taratibu. Ukifika la kumi na moja, jua hapo ndipo mumeo alipofika akiwa macho makavu, hana tone mdomoni, anafuata njia niliyompangia mimi.

Mpokee. Mimi si lazima.

Nisalimie mama, lakini mchagulie wewe cha kumwambia. Wasalimie watoto, na yule wa mwisho umwambie baba yake hajambo na anamuulizia kila siku. Wasalimie na majirani wote wanaoniulizia. Wasioniulizia waache wapumzike.

Mumeo atatoka hospitali mwisho wa mwezi huu na kampuni itamleta kwa gari hadi mlangoni. Mimi mkataba wangu unaisha mwezi wa saba, tarehe thelathini, na natarajia kufika nyumbani siku mbili baada ya hapo. Nisipofika, ujue wameniamini.

Ni mimi mdogo wako,
wa tumbo moja.