Mkunga Aliyechaguliwa Mbele ya Bunduki Zetu

Mjukuu wangu Filberti,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Katandala tu wazima. Bibi yako yuko Msanzi kwa dada yake wakivuna ulezi, nami najipikia mwenyewe.

Umeniuliza kama demokrasia inaweza kupelekwa nchi ya watu kwa bunduki au kwa biashara, maana huko chuoni Ujerumani mnabishana. Mimi si msomi. Nitakusimulia nilichokiona Uganda baada ya vita vya kumng'oa dikteta wao, nikiwa askari kijana.

Tulipiga kambi katika kijiji kisicho na kiongozi. Kamanda wetu alimpenda mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akiwagawia watu chumvi. Akaita mkutano, akatangaza, "Huyu ndiye mwenyekiti wenu."

Mkunga mmoja, mama mtu mzima, akasimama. "Mwanangu, ahsante kwa kutuondolea yule dhalimu. Lakini wa kutuongoza tutamchagua wenyewe."

Nilimwogopea. Lakini kamanda akasema, "Haya, chagueni."

Watu wakaanza kupanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Nyuma ya mfanyabiashara walisimama ndugu zake tu. Wengine wote, hata waliokula chumvi yake, walikwenda kwa mkunga, kimya kimya, bila kutuangalia. Nilidhani sisi ndio tuliowaletea jambo lile, kumbe walikuwa nalo siku zote.

Kamanda akavua kofia, akamwendea yule mama, akainama.

"Shikamoo, mwenyekiti."

Babu yako,
Kasiani