Wifi Yangu Hubadilika Kila Saa Tisa Alasiri

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana nimeishiwa maarifa. Mimi ni mkataji wa magauni ya maharusi na wifi yangu ndiye mshonaji, miaka tisa tumekaa chumba kimoja bila hata kununiana, lakini tangu msimu huu wa harusi uanze yule dada kabadilika, tena asubuhi tunacheka vizuri tu, ila ikifika saa tisa alasiri anavyopumua kunanikera, anavyokanyaga cherehani kunanikera, hata akiniuliza kwa upole, "Wifi, umekula?" naisikia dharau humo ndani. Mimi sina neno na mtu, nachapa kazi, nalala masaa manne yananitosha, na kwa kuwa nakata vitambaa vyeupe nimejiwekea sheria kwamba chakula hakigusi mdomo wangu mpaka mkasi ulale, isipokuwa chai ya rangi, sukari vijiko vinne, nainywa nimesimama mlangoni, vikombe vitano hivi. Basi Alhamisi alasiri nikakata mikono ya gauni, wifi akaishikiza, kumbe yote miwili ni ya kushoto! Nikajua papo hapo ni yeye aliyegeuza kitambaa nilipotoka kunywa chai, nikamwambia hivyo mbele ya bi harusi na mama yake, naye akavua tepu shingoni akasema, "Wifi, Jumatatu nakuja kuchukua cherehani yangu." Mume wake, ambaye ni kaka yangu wa damu, eti yuko upande wake. Nampenda wifi yangu, nimelia siku mbili. Nifanyeje ili apunguze hasira zake?

Ni mimi, Mkataji Niliyeonewa.

*

Mkataji,

Pole kwa kulia. Machozi yako nayaamini, hadithi yako siiamini hata kidogo. Nimemtafuta wifi mwenye hasira barua nzima sijamwona. Nimemwona mwanamke anayeshona, anayepumua, na anayeuliza kama umekula. Makosa makubwa kweli hayo!

Sikiliza, dada. Ubongo ni mdogo lakini ni mlaji: haufiki hata kilo moja na nusu, ila karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu za mwili uliotulia inakwenda huko. Wako unaushindisha na njaa na usingizi wa kuibia, kisha unautuliza kwa sukari inayopanda haraka na kushuka haraka. Nguvu zikipungua ubongo haukupi taarifa ya maandishi. Unakuletea kisirani, na wewe unakitafutia mtu wa kukibeba. Aliye karibu ni wifi.

Vitambaa vyeupe usinisingizie. Chumba kina mlango, na hapo mlangoni tayari unasimama mara tano kwa siku. Kunywa chai asubuhi na kitu cha maana, mayai au maharage. Saa saba toka nje, keti, ule kama binadamu, utembee dakika kumi juani, unawe mikono ndipo urudi kwenye mkasi. Maji yawe karibu, sukari ipunguze nusu. Masaa manne ya kulala hayakutoshi, uliza mikono ya gauni. Lala masaa saba. Na kama baada ya wiki mbili tatu bado unalia na kuchukia pumzi za watu, nenda zahanati wakupime damu na sukari, uwaeleze na hayo machozi, maana si kila huzuni inatibiwa na sahani.

Sasa Jumatatu. Usimsubiri aje na mtu wa kubeba cherehani. Nenda kwake kesho asubuhi, umwambie mikono uliikata wewe, vibaya, na lawama ukamtupia yeye mbele ya wateja. Kisha bi harusi na mama yake nao waambiwe hivyo hivyo, kwa mdomo wako. Usimtume kaka yako.

Ila kabla hujatoka nyumbani, kula ushibe. Ukienda na njaa utafika pale kuomba radhi, na kabla hujakaa utakuwa unamdai yeye akuombe.