Haiba ya Fundi wa Lifti

Jumanne, 4 Machi

Nimepewa mwanamke! — Hapana, nimeanza vibaya. Nimepewa mwenza wa masomo. Mwalimu wetu wa saikolojia, binti mdogo anayefundisha na raba miguuni, katugawa wawili wawili. Kila mtu amchunguze mwenzake kwa nadharia za haiba, kisha asimame mbele ya darasa aeleze: huyu ni mtu wa namna gani, na kwa nini yuko hivyo.

Haiba! Mimi nilidhani haiba ni mambo ya warembo. Kumbe hata fundi wa lifti mstaafu anayo, ila haijawahi kukaguliwa.

Mwenzangu ni mkunga, naye mstaafu, mjane kama mimi. Anacheka mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Kaniuliza naitwa nani. Nikamwambia kazini waliniita Fundi. "Haya Fundi," akasema, "leo ndiyo naanza kukuzalisha." Darasa zima hoi! Mimi masikio yanawaka moto.

Nilijiandikisha darasa hili la jioni ili nipate pa kwenda, basi. Tangu marehemu mama watoto aondoke nyumba ina mwangwi.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu. Aibu tupu. Sijui kwa nini nacheka.

Leo ilikuwa zamu ya nadharia ya daktari mmoja wa kale mwenye ndevu. Anasema ndani ya kila mtu mna watatu wanaozozana. Wa kwanza anataka tu, tena sasa hivi. Wa pili anakataza kila kitu, kama mama mkwe. Wa tatu, maskini, yuko katikati anasuluhisha. Na mengi ya mtu yamezama chini asikokuona mwenyewe, ila huchungulia: kwenye ndoto, kwenye utani, ulimi unapoteleza.

Nikajisemea, ulimi wangu mimi? Mie nisiyeongea?

Sijamaliza kuwaza, Mwalimu akatugeukia: nani kati yenu ataanza kumhoji mwenzake? Nikasimama vizuri kabisa, nikasema, "Aanze mke wangu."

Mkunga! Nilitaka kusema mkunga!

Mwalimu kaweka kalamu ya ubao chini, kafuta machozi ya kicheko. Ahsante kwa mfano, mzee wangu, kasema. Watu wakapiga meza. Mkunga peke yake hakucheka. Alikuwa anatafuta miwani kwenye mkoba — na miwani iko usoni.

Jumamosi, 8 Machi

Binti yangu kapiga simu. Chumba changu tayari, kakipaka rangi. Ijumaa ya tarehe 21 anakuja na gari kunichukua nikaishi kwao. Ni mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Tulikubaliana mwaka jana, nami nilikubali kwa roho safi. Mtu mzima peke yake na sufuria moja, abaki afanye nini?

"Baba, mbona unaimba?"

Siimbi, nikamwambia.

Nilikuwa naimba.

Jumanne, 11 Machi

Nadharia ya sifa. Hawa hawana habari na ndoto wala utoto. Wao wanapima tu. Sifa tano: udadisi, uangalifu, uchangamfu, upole, wasiwasi. Unajipa alama wewe, kisha mwenzako anakupa zake, halafu mnalinganisha.

Kwenye uangalifu tulipatana. Fundi wa lifti asiye mwangalifu anaua watu. Tukafika kwenye uchangamfu. Nimejipa moja kati ya tano. Yeye kanipa nne!

Nikamwambia amekosea. Marehemu mke wangu, kwa mapenzi yake yote, aliniita Mti Mkavu. Niliweza kukaa juu ya paa na mashine zangu za lifti siku nzima bila kusema neno.

"Mashine hazichekeshi," akanijibu. "Mimi naandika ninachokiona. Tangu tuanze leo hujafunga mdomo."

Ni kweli! Nilikuwa nimemsimulia habari ya bwana harusi aliyekwama kwenye lifti na keki, hadithi ambayo hata binti yangu haijui. Tukabishana mpaka jirani zetu wakahama viti. Mwalimu kaja kuamua. Kasema watafiti wa sifa wanakubali kwamba ukubwani mtu habadiliki sana, lakini "sana" si "kabisa". Na akauliza, je, nani anamjua mtu vizuri zaidi, yeye mwenyewe au anayemtazama?

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nikapitiliza nyumba yangu mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefugwa! Nimefunzwa kama njiwa!

Leo tumewasoma watu wa mazoea. Wao wanasema achaneni na yaliyo moyoni. Mtu ni yale aliyotuzwa akayarudia. Mpe kitu kitamu kila akifanya jambo, atalifanya tena. Nikanyoosha mkono, nikauliza swali zuri sana. Nilipoketi, Mkunga kanisogezea peremende chini ya meza. Nikaiweka kinywani. Ndipo akili ikanijia: wiki nzima, kila nikisema kitu darasani, peremende!

Nikamtazama. Mabega yake yanatikisika.

"Mama, umenifanyia majaribio?"

"Na umekubali vizuri mno. Wiki ya kwanza sentensi moja. Leo hata Mwalimu hapati nafasi."

Nilicheka mpaka peremende ikanipalia. Akanipiga mgongo kwa mkono wa kikunga, paa! Nadhani watoto wote aliowapokea walilia kwa haki.

Jumapili, 16 Machi

Nilitaka kumwonyesha kazi yangu. Basi nikampeleka kwenye lile jengo refu la ofisi nililolitunza mpaka nikastaafu. Mlinzi ananijua, katuachia tuingie.

Tumepanda, tumeshuka, tumepanda tena. Wazee wawili, Jumapili, wamevaa vizuri, wanabonyeza vitufe! Nikamfundisha kusikiliza waya unavyoimba lifti inapopunguza mwendo. Akafumba macho, akasikiliza kweli. Yeye akanieleza habari za wale wataalamu wa matumaini, wanaosema binadamu hupanda ngazi ya mahitaji: ale kwanza, awe salama, apendwe, aheshimiwe, mwisho achanue awe yule anayeweza kuwa. Nikamwambia ngazi siipendi, nimefanya kazi maisha yangu yote watu wasipande ngazi. Alicheka, sauti ikazunguka kwenye kile kisanduku.

"Nawe umefika ghorofa gani, Fundi?"

Hapo ndipo nikamwambia. Kwamba Ijumaa binti yangu anakuja. Kwamba naondoka.

Akanyoosha kidole, akabonyeza chini.

Jumanne, 18 Machi

Hakuja. Kiti kitupu.

Mwalimu kafundisha kwamba mtu na mazingira yake hujengana, na kwamba anachoamini anakiweza ndicho atakachokijaribu. Nimeandika mstari mmoja, nikaukata.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika kwenye benchi la korido nje ya darasa. Mwalimu katupa mapumziko, nadhani kwa ajili yangu.

Mkunga alikuja! Kwa kitambaa kipya kichwani, na karatasi zake. Hakunitazama. Akasimama mbele, akaanza. Na wakati huohuo mlango ukafunguka, akaingia — binti yangu! Kaja siku moja mapema kunishtukiza. Jirani kamwelekeza huku. Kaketi nyuma kabisa, funguo za gari mkononi.

Mkunga akaendelea. Kasema wa ndevu angetafuta nilichofukia, wa sifa wangenipima, wa mazoea wangenipa peremende. Kasema kila nadharia imeshika kona moja ya shuka. Lakini yeye amezoea watu wanaofika duniani wakiwa wamekunja ngumi, na hajaona hata mmoja aliyebaki hivyo. "Huyu mzee anaambiwa ni mti mkavu. Mimi nimemwona akicheka mpaka akapaliwa. Mwaweza kusema amebadilika. Mimi nasema alikuwa hivyo, hakuwa na wa kucheka naye." Hapo akakunja karatasi zake. "Hitimisho sina," akasema. "Mtu wangu anahama kesho."

Kisha nyuma, sauti ya binti yangu, kama mtoto: "Huyo ni baba yangu?"

Sasa wamesimama wawili dirishani, mwisho wa korido. Siwasikii. Mkunga anaongea kwa mikono — hiyo ni keki, hiyo hapo ni keki ya bwana harusi! Binti kafunika mdomo. Anacheka! Lini nilimwona akicheka hivyo? Na moyo wangu, mzee mzima, unaruka kama wa mvulana. Ng'ombe hazeeki maini, wahenga hawakukosea!

Binti kaangalia saa. Kaangalia funguo. Kaziingiza mkobani, kafunga zipu, kaegemea ukuta kama mtu asiye na safari kesho.

Mkunga anaonyesha kidole kwangu. Wote wananitazama.

"Baba," binti ananiita, "hebu njoo hapa. Huyu mama ananiambia kwamba wewe —"