Dirisha la baba la kutazamia ng'ombe

Mama Bernardine mshauri, nakuandikia nikiomba msaada kwa sababu nilimtendea baba jambo la upendo na sasa jambo hilo linamuumiza. Sisi ni watu wa milimani juu ya Uvira, ila mimi nafanya kazi huku chini mjini, mtaa wa Rugenge kando ya ziwa, na mwaka jana baba yangu, mzee Rwabuhihi, aliposhindwa kutembea akawa analia kwamba hataona tena ng'ombe wake, nilivunja ukuta wa chumba chake upande wa zizi nikamwekea dirisha pana la vioo vya vipande, kama haya ya kwetu ziwani yanayoingiza upepo, akafurahi, akawa anaita kila ng'ombe kwa jina akiwa kitandani, nami nikashuka bila kulala pale hata usiku mmoja, kumbe vipande vile havibanani, na baridi ya kule inapita kama mlango uko wazi. Tarehe 9 Juni dada yangu Mukansanga, anayemtunza, alinipigia simu kwamba baba ameugua mapafu na daktari anaogopa kwamba ugonjwa ukirudi utamuua.

"Ulimletea dirisha ya Uvira," akaniambia, "basi mletee na jua ya Uvira."

Dada anataka tuzibe kwa matofali. Baba anakataa: "Nyumba bila dirisha iko kaburi. Mungoje kwanza nife." Sasa dada anawasha mbabula, lile jiko la makaa, chumbani, na baba anakohoa zaidi. Najuta, mama. Nizibe kwa nguvu, au nimwache na ng'ombe wake, baridi imuue?

Manzi, Rugenge

Manzi mwanangu, pole. Wema wako nauona, lakini ulijenga kwa akili ya mtu wa joto la ziwani, anayelala bila blanketi.

Mbabula itoke leo. Makaa katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini, wala hawakohoi kwanza.

Usizibe kwa matofali. Toa vile vipande, weka kioo kizima kisichofunguka, na kwa ndani kioo cha pili, au hata plastiki nzito inayoonyesha, ukiacha nafasi ya kidole katikati. Hewa iliyofungwa hapo ndiyo itakayozuia baridi. Nyufa za pembeni zijazwe udongo. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta ule, na mchana mlango uachwe wazi kidogo apate hewa safi.

Kisha seremala atengeneze kifuniko cha mbao cha kufungia dirisha kwa ndani. Hapo mzee atakataa. Usibishane naye. Mwulize tu: giza likishaingia, anaona ng'ombe gani? Amri iwe yake. Ng'ombe wa mwisho akiingia zizini, yeye ndiye aseme, "Fungeni," na Mukansanga afunge. Asubuhi jua likigusa kioo, afungue.

Na usitume fundi peke yake kama ulivyozoea kutuma salamu. Panda mwenyewe, ulale sakafuni chini ya dirisha lako mpaka kazi iishe. Baridi ikikuamsha, usimwamshe baba kumwomba msamaha. Tafuta inapopitia, uzibe.